Nilivyochagua Picha za Bibi Harusi Anayelia

Ashukuriwe Mungu Baba, aliyenipa pumzi nikaiona asubuhi ya leo, akaniachia na meno machache ya kuchekea, maana bila kucheka haya ninayotaka kuwasimulia yangekuwa yameshanimaliza. Sifa ni zake kwa siku njema zote, na kwa Jumamosi ile pia.

Nianze kwa kukiri kwamba ni aibu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Nyakasimbi, ndiye ninayesimama kusoma matangazo kabla ya mahubiri, ndiye wanayemtuma akasuluhishe majirani wakigombania mpaka wa kibanja cha migomba, na mtu wa namna hiyo hatarajiwi kuonekana jinsi nilivyoonekana. Ningekaa kimya, lakini nimegundua kwamba kadiri ninavyonyamaza ndivyo wengine wanavyoniongezea (pale senta ya Nyaishozi kuna anayesimulia kwamba nilipoteza suruali, jambo ambalo si kweli hata kidogo, suruali nilikuwa nayo mwanzo mpaka mwisho). Basi heri niseme mwenyewe.

Mwanangu Novath yuko Kanada. Alikwenda kusoma mambo ya mifugo, akamaliza, akapata kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, wakampa kibali cha kukaa moja kwa moja. Akaja likizo akaoa. Tulimchukulia Editha, binti wa watu wa Kaisho kule Kyerwa, wenye ng'ombe na kahawa, watu wa heshima zao. Harusi ilipokwisha Novath akarudi kwenye ng'ombe wake, Editha akabaki hapa kwetu akisubiri karatasi. Na karatasi zenyewe, ndugu zangu, si mchezo. Mume ndiye anayemwombea mkewe kwa serikali ya kule. Anajaza fomu, anaambatanisha cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha polisi kwamba mtu hana makosa, majibu ya daktari kwamba mtu hana ugonjwa, na juu ya hayo yote anatakiwa athibitishe kwamba ndoa ni ndoa kweli, wawili wamependana, si watu walioelewana tu ili mmoja apate njia ya kuvuka.

Habari za vyeti Editha alizishughulikia mwenyewe, kwenda na kurudi, mvua na jua, bila kulalamika. Mimi nilipewa kazi moja tu. Novath alinipigia simu akasema, "Baba, albamu ya harusi iko hapo nyumbani. Nichagulie picha chache zilizo nzuri, zipigwe nakala, nitumiwe, nizitie kwenye faili."

Kazi moja tu, na nikaiharibu kwa juhudi zote.

Ninyi msio wa huku kwetu inabidi niwaeleze. Binti anapotolewa kwao siku ya harusi anatakiwa alie. Halii kwa sababu hampendi mume, analia kwa sababu ana adabu. Shangazi yake anamfundisha kabla, ainame vipi, ashike mwimo wa mlango wa mama yake vipi asitake kuuachia, avutwe vipi taratibu mpaka garini. Anayetoka kwa baba yake huku anacheka, watu watarudi nyumbani wakiulizana, huyu kwao alikuwa ananyimwa nini? Siku hizi wengi hawafuati sana, lakini shangazi wa Editha ni mtu wa zamani, na Editha ni msikivu. Alilia kwao Kaisho, akalia njiani, akalia kanisani, akalia kwenye keki. Akina mama wa kwetu walikaa wanatingisha vichwa kwa kuridhika, wakasema huyu amelelewa. Mimi nilikuwa nimejaa fahari hata nikashindwa kumaliza chakula.

Kwa hiyo nilipofungua albamu, nilijua ninachotafuta. Picha ambazo analia kidogo niliziweka pembeni. Nikachagua ile ambayo amejikunja kabisa, matroni anamshika kwapa asianguke. Nikachagua ile ya mlangoni, wanaume wawili wamemshika mikono wanamtoa, vidole vyake vimeng'ang'ania mwimo. Nikachagua ile ya pete, mkono umenyooshwa kwa bwana harusi, uso umegeukia ukutani. Kulikuwa na moja tu ambayo ametabasamu, sijui kulitokea nini, labda mtoto alikanyaga shela. Mke wangu aliniona naitoa.

"Baba Novath, hiyo mbona ametoka vizuri? Anatabasamu."

"Ndiyo maana naitoa," nikamjibu, na nikaitia kwenye moto wa jikoni. Nilifanya kwa kumsitiri. Sikutaka ofisa wa watu, huko mbali, amfikirie vibaya mkwe wangu.

Zikatumwa. Ikapita miezi. Siku moja Novath akapiga, na salamu zake zilikuwa fupi.

"Baba, ulichagua picha gani?"

"Nilichagua zilizo bora."

"Baba, ofisi imeandika kwamba wana mashaka na hii ndoa. Nimekwenda kwa wakili wangu, ameziangalia zile picha, halafu ameniuliza kama huyu msichana alitekwa."

"Alitekwa na nani?"

"Na sisi, baba."

Niliketi kwenye kigoda. Nikajaribu kumweleza kwamba kulia ni heshima, akasema yeye anajua, alizaliwa hapa, ila aliyeandika barua hajui. Ofisi ilikuwa imetoa muda, ndani ya muda huo waonyeshwe ushahidi mwingine kwamba Editha ameolewa kwa hiari yake na anafurahi, la sivyo faili lifungwe. Habari haikukaa Nyakasimbi, ikafika Kaisho kabla ya jua kuzama, na baba yake Editha akanipigia. Ni mtu wa maneno machache.

"Mkwe," akasema, "mimi sikuozesha binti yangu kwa simu. Hizo karatasi zikikataliwa, nakuja na gari kumchukua."

"Mkwe, tuvumiliane kidogo, tumwombe Mungu."

"Mwombe wewe. Mimi natafuta gari."

Jioni hiyo mke wangu akaniambia Editha yuko nyuma ya jiko analia. Na safari hii hakuna shangazi aliyemfundisha. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na nikapiga magoti nikamwambia Bwana, nisaidie nitengeneze nilipoharibu. Nilisahau kuongeza, lakini nisaidie bila mimi kushika usukani.

Novath alipewa likizo fupi akaja. Wakili alimshauri kwamba zipigwe picha za maisha ya kawaida, mume na mke wakiwa pamoja wamefurahi, na wazazi wa pande zote mbili wawepo humo humo, ionekane ukoo mzima unaijua ndoa na kuibariki. Kwa mtu wa Kanada hilo ni jambo la dakika. Kwa sisi ni kama kuambiwa tuhamishe kilima. Mkwe hatazamani na mkwe. Mama yake Editha hamtazami Novath usoni, hampi mkono, wakikutana njiani mama anaingia kwenye migomba mpaka kijana apite. Na mimi na Editha vilevile. Nimekaa naye nyumba moja muda wote huo, ananipikia, ananifulia, maji ya kunawa yananifikia kwa mkono wa mke wangu, akinisalimu anapiga magoti nje ya mlango na sauti ndiyo inayoingia. Niwaambie ukweli, nje ya ile picha niliyoichoma, meno ya mkwe wangu nilikuwa sijawahi kuyaona.

Tukapanga Jumamosi, kwa sababu Jumatatu Novath anaondoka. Wakwe wakaja kutoka Kaisho asubuhi. Mama yake Editha akashuka garini na kanga imefunika kichwa mpaka kidevuni, akaelekea moja kwa moja nyuma ya simtanki la maji ya mvua, akakaa huko kama mtu aliyefika kwake. Baba yake alivaa koti na kofia yake ya heshima. Mimi nilivaa suti ya kijivu, ile ya Pasaka. Majirani walikuwa wameamkia kwenye kibanja wanatukamulia ndizi mbivu kwa ajili ya juisi ya wageni (juisi tu, isiyochachuka, pombe ya rubisi kwangu haiingii), wamezikanyaga pamoja na nyasi kwenye mtumbwi wa kukamulia, lile gogo refu lililochongwa ambalo tunaliita mtumbwi ingawa halijawahi kuona ziwa. Walipomaliza wakalifunika kwa majani ya mgomba na kwenda kunawa.

Mpiga picha alikuwa Jovina wa Nyaishozi, mama mwenye kamera kubwa na ulimi mkali, anayepiga harusi na misiba ya tarafa nzima. Akatupanga mbele ya nyumba, karibu na turubai la kuanikia kahawa. Akapiga moja. Akaiangalia kwenye kioo cha kamera, akatuangalia sisi, akarudi kuiangalia.

"Wazee wangu," akasema, "hii ni ya familia au ya msiba?"

Akanionyesha. Editha ameinama, kinachoonekana ni utosi. Novath ametazama juu, kwa sababu mama mkwe wake yuko upande mmoja na baba mkwe upande wa pili na hajui macho ayaweke wapi. Mama yake Editha ameonekana mkono mmoja tu umeshika ukingo wa simtanki. Mimi nimetazama kahawa. Baba yake Editha ndiye peke yake aliyetazama mbele, amekakamaa kama mlingoti.

"Mkwe, legea kidogo," nikamwambia.

"Picha ya kitambulisho nilipigwa hivihivi," akajibu, "na serikali haikulalamika."

Hapo ndipo nilipoamua kushika usukani. Nikajiambia, mimi ndiye niliyezichagua zile za kilio, basi mimi ndiye nitakayekileta kicheko. Nikatoka kwenye mstari nikasimama karibu na Jovina nikaanza kuelekeza. "Editha mwanangu, cheka!" Akainama. "Cheka tu, mama, leo hakuna ubaya!" Akainama zaidi. Nikasimulia kile kisa changu cha mwinjilisti na mbuzi, ambacho kwenye vikao vya kanisa kinaangusha watu kwenye mabenchi. Hakuna aliyecheka. Utacheka vipi, baba mkwe anaposimulia? Kutoka nyuma ya simtanki nilisikia kikohozi, basi. Nikapaza sauti, "Editha! Onyesha meno!" na mtoto wa watu akapiga magoti kabisa chini, akidhani amenikosea.

"Mzee," Jovina akasema, "kila ukisema cheka, naye anashuka. Ukiendelea nitampigia ardhini."

Mke wangu alikuwa amevumilia vya kutosha. "Baba Novath, wewe ndiye uliyemziba mdomo. Nenda ndani ukae. Akishacheka na mumewe tutakuita uje usimame pembeni."

"Nikae ndani, nyumbani kwangu, na wageni wapo?"

"Ndani, Baba Novath."

Nilikwenda. Ningekaa pale nilipoambiwa, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilipokaa sebuleni nikasikia Jovina anasema, "Hapo sawa, hapo sawa, endelea kumnong'oneza," nikataka kuona kwa macho yangu kama Mungu amenijibu. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka kwenye kibanja, nikasogea mgomba kwa mgomba mpaka nikapata mahali pa kuchungulia. Novath alikuwa anamwambia mkewe kitu sikioni. Bega la Editha likatikisika. Uso ukaanza kuinuka. Jani la mgomba likaniziba. Nikarudi hatua nyuma ili nione vizuri, halafu nikarudi nyingine, nikahisi kisigino kimegonga gogo, nikajua ni gogo gani, na kujua hakukunisaidia chochote.

Niliingia kwenye mtumbwi kinyumenyume, suti nzima. Ile juisi ni nzito na ni baridi, na nyasi zilizokanyagwa humo zinanata kama zimepewa amri. Nilitaka kuita lakini mdomo ulijaa (tamu, lazima niseme ukweli, walikuwa wamekamua vizuri). Nikajinyanyua nikiwa na nyasi kichwani, nyasi kwenye ndevu, majani ya mgomba yamenishika mgongoni, juisi inatiririka mikononi. Na ningekwenda kisimani kimyakimya nikajisafisha, nikarudi nikasema nimebadili nguo, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi nafuga nyuki. Mizinga yangu iko mwisho wa kibanja. Na nyuki wakisikia harufu ya ndizi mbivu hawaulizi kama aliyeivaa ndiye mwenye mizinga.

Wa kwanza aliniuma sikio. Wa pili juu ya jicho. Baada ya hapo sikuwa mzee wa kanisa tena, nilikuwa miguu tu. Nilikimbilia kwenye watu, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kulifanya, nikatokea katikati ya uwanja nikipiga kelele "Nyuki! Nyuki!", nikamshika mtu wa kwanza niliyemfikia, nikamgeuza kuwa ngao yangu, nikaingiza kichwa chini ya mtandio wake.

Nikasikia mke wangu anasema, "Yesu wangu." Nikafungua jicho lililobaki. Niliyemshika mabega kwa mikono miwili alikuwa Editha.

Sikupata muda wa kufa kwa aibu, kwa sababu mama yake alikuwa ametoka nyuma ya simtanki. Ameivua ile kanga, kichwa wazi, anaizungusha hewani kama anafukuza ndege kwenye mtama, anawapiga nyuki, na mmoja akatua kichwani kwa Novath. Mama yule, ambaye tangu harusi hajawahi kumwambia Novath hata neno moja, akapaza sauti, "Inama mwanangu! Inama!" na kumpiga kofi la kanga lililosikika mpaka barabarani. Novath akainama akamkumbatia mkewe asianguke, maana mimi nilikuwa bado nimemning'inia kwa nyuma. Na baba yake Editha hakusogea. Alibaki amesimama vilevile alivyopangwa, mikono ubavuni, anatazama mbele, nyuki anatembea taratibu kwenye ukingo wa kofia yake.

Nadhani ni yule nyuki wa kofia. Editha alimwona, na kitu kikakatika ndani yake. Alianza kama mtu anayekwama na tonge, halafu akaachia. Alicheka, kichwa kimeangukia kwenye bega la mumewe, mikono imemshika shingo, machozi yanamtoka, na meno yote yako nje, mazuri, yamejipanga, na pengo moja dogo mbele ambalo sisi huku tunalihesabu ni uzuri. Novath akacheka kwa sababu yeye anacheka. Mama yake Editha akacheka ameikumbatia kanga. Mke wangu alikwisha kaa chini.

Na Jovina anapiga tu, tk, tk, tk, anapiga kelele, "Msiondoke! Baki hapohapo, mzee! Baki!"

Nyuki walipopungua, akili zikaturudia, na lo! Mama yake Editha akajitazama, akamtazama Novath, akajifunika, akatimua mbio kurudi nyuma ya simtanki. Editha akaanguka magotini akaficha uso. Mimi nikabaki nimesimama, nadondosha juisi, sina pa kuweka mikono. Baba yake Editha akavua kofia, akamrusha yule nyuki, akaivaa tena.

"Mkwe," akasema.

"Naam, mkwe."

"Umemshika mkweo."

"Nimemshika."

"Mbele yangu na mama yake."

"Mbele yenu. Nisameheni."

Akafikiri. Kwa desturi hilo ni jambo la faini, na sikuwa na ubishi.

"Hao nyuki ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Basi faini ni asali," akasema, "na iwe nzuri. Halafu nenda ukaoge, mkwe, unavutia inzi."

Alasiri tulikaa sebuleni kuangalia picha, wakwe wakiwa chumba cha pili kama inavyopasa. Jovina akazipitisha moja baada ya nyingine. Zote za mwanzo, msiba. Zile za Novath akinong'ona, uso wa Editha unaanza kuinuka, halafu ndipo iliposikika "bwaa" kutoka kwenye kibanja na wote wamegeukia migomba. Kisha zile nyingine. Na humo ndimo alimokuwa Editha anayecheka, mume amemkumbatia, wazazi wa pande zote mbili ndani ya picha moja, sawasawa na alivyosema wakili. Kwenye kila moja na mimi nimo, jicho moja limevimba, nyasi kwenye ndevu, ninachungulia chini ya kwapa la mkwe wangu.

"Jovina," nikasema, "huwezi kunikata?"

"Nikikukata wewe, mzee, namkata na bega la mke wa mtu."

"Tupige nyingine kesho."

"Baba," Novath akasema taratibu, "umemwona? Unadhani kesho atacheka?"

Upande wa pili wa ukuta tulisikia Editha anajaribu kuongea na mama yake kisha anashikwa tena na kicheko. Nilitoka nje, nikasimama karibu na turubai la kahawa, nikaomba. Nikamwambia Bwana, naomba picha nyingine. Nikasubiri. Hakunipa picha nyingine. Alinikumbusha tu yule mtoto aliyekuwa analia nyuma ya jiko, na gari ambalo baba yake alikuwa ameanza kulitafuta, na nikaona kwamba heshima ya suti ya kijivu ni kitu chepesi sana ukikiweka kando ya hayo. Nikarudi ndani nikasema zitumwe.

Sikujua kwamba kila picha inatakiwa kuandikiwa maelezo chini yake, nani ni nani na anafanya nini. Novath akafungua kompyuta, akaandika huku anatusomea: huyu ni mke, huyu ni mume, huyu ni mama wa mke, anafukuza nyuki, huyu ni baba wa mke. Akafika kwangu.

"Huyu ni baba wa mume," akasoma, "ametumbukia kwenye juisi ya ndizi na anakimbia nyuki."

"Ongeza," nikamwambia, "kwamba kwa kawaida ni mtu mtulivu."

Akaongeza. Akaandika pia ukurasa mzima kuhusu vilio vya maharusi wetu, nami nikatia sahihi kwamba ni kweli, na kwamba mimi ndiye niliyezichagua zile picha za kwanza, kwa kujivuna.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilisimama kusoma matangazo, jicho limefumba, sikio limekuwa kama andazi. Nilipofika kwenye tangazo la kikundi cha ufugaji nyuki, kwaya ya akina mama ikaanza kutetemeka mabega, halafu mabenchi ya nyuma, halafu kanisa lote. Mchungaji wetu, Mungu ambariki, akasema tusimame tuimbe, lakini yeye mwenyewe hakuweza kuanzisha wimbo.

Majibu yalikuja baada ya miezi michache. Kibali kimetoka. Baba yake Editha alikuja na lile gari lake, akamsindikiza binti yake mpaka uwanja wa ndege, na tulipoagana aliniambia, "Mkwe, ile asali imekwisha."

Sasa Novath hupiga simu ya video Jumapili jioni. Anatuonyesha theluji, anatuonyesha ng'ombe (wakwe wa Kaisho wanauliza kwa nini hawana pembe, hajapata jibu la kuwaridhisha). Zamu ya Editha ikifika, simu inageuziwa ukutani. Nasikia sauti yake kutoka pembeni, "Shikamoo, baba," na pengine naona kidogo mkono wa koti zito, basi. Nami naitikia "Marahaba, mwanangu, mnaendeleaje?" huku nimegeuka natazama mlango. Mke wangu anatuona wote wawili anasema, mmesafirisha simu yote hiyo ili mtazame kuta. Hajui. Jumapili iliyopita Novath alisema kitu kwa chini, na huko pembeni, nyuma ya ukuta mweupe wa nchi ya watu, nikawasikia wanacheka pamoja, kwenye nyumba moja. Nilitazama mlango kwa furaha kubwa.

Nimeweka nadhiri. Sitamchagulia mtu picha tena mpaka nimemuuliza mwenyewe anataka aonekane vipi, na nikiambiwa nikae ndani, nitakaa ndani.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akupe nyumba yenye watu wako wote ndani yake. Aliye mbali amrudishe, anayesubiri karatasi azione zimegongwa muhuri, na kicheko kisikosekane mezani pako. Amina.